Fukusi wa viazi vitamu: ni spishi gani, na ni wa familia ipi?

Swali limetoka kwa mwalimu wa baiolojia huko Bweyale, wilaya ya Kiryandongo, Uganda. Kwa ufupi anasema hivi: walipovuna viazi vitamu katika shamba la shule walikuta wadudu wadogo wenye mdomo mrefu, ukiwatazama harakaharaka utadhani ni sisimizi. Wengine ni weusi, wengine wa kahawia. Kitabu cha zamani kilichopo shuleni kinawaweka katika familia ya Curculionidae, mtandaoni wameandikwa Brentidae, na karibu kila picha inaonyesha mdudu mwenye kifua chekundu aitwaye Cylas formicarius. Anauliza: hawa tulio nao ni spishi gani, rangi hizo mbili ni dume na jike, na wanafunzi waandike familia gani kwenye lebo?

Mwalimu, jibu fupi ni hili. Mdudu wenu ni fukusi wa viazi vitamu wa jenasi Cylas, na familia ya kuandika ni Brentidae. Rangi mnazoziona hazitenganishi dume na jike. Kwa Uganda, yaelekea mna spishi mbili zilizochanganyika, Cylas puncticollis na Cylas brunneus, ambazo huishi katika shamba moja na mara nyingi hata ndani ya kiazi kimoja. Yule mwenye kifua chekundu ni spishi ya tatu. Ndiye fukusi mkuu wa viazi vitamu huko Asia na Marekani, na kwa Afrika Mashariki anajulikana pwani ya Kenya, si huku kwetu bara. Picha zake zimetapakaa kwa sababu ndiye aliyeenea zaidi duniani, basi watu wanamlinganisha na mdudu wa wilaya za Kumi au Masindi hapa Uganda na kuandika jina lisilo lake.

Ila "yaelekea" si neno la kuandika kwenye lebo. Kazi ya kuwatenganisha mnaweza kuifanya wenyewe darasani. Mnahitaji lenzi ya kukuza mara kumi (ya mara ishirini ni bora), rula yenye milimita, sindano mbili, karatasi nyeupe na maji ya uvuguvugu.

Anzeni na vipapasio, kwa sababu ugomvi wote wa familia umelala hapo. Fukusi wa kweli ana mdomo uliorefuka mfano wa mkonga, na meno yake ya kutafunia yako nchani mwa mkonga huo. Vipapasio huota ubavuni mwa mkonga. Sisimizi hana mkonga, wala hana mabawa magumu yaliyofunika tumbo, kwa hiyo huyo mnamtoa mara moja. Sasa tazameni pingili ya kwanza ya kipapasio, ile iliyoshikana na mkonga. Kwa fukusi wa familia ya Curculionidae pingili hiyo ni ndefu sana, kisha pingili zilizobaki hukunjika kutoka kwake kwa pembe, kama mkono unavyokunjika kwenye kiwiko. Kwa Cylas hakuna kiwiko. Pingili ya kwanza haikuzidi nyenzake kwa kiasi cha kushangaza, na kipapasio chote kimenyooka kama uzi wa shanga.

Mfano wa kulinganisha hauko mbali. Chukueni fukusi wa mahindi, Sitophilus zeamais, kutoka ghala lolote la kijiji, mumlaze kwenye karatasi kando ya Cylas. Huyo wa mahindi ni Curculionidae na kiwiko chake kinaonekana waziwazi. Mwanafunzi akiwaona wawili hao pamoja mara moja tu, hasahau tena.

Hapa pana kosa linalorudiwa sana. Mdudu aliyekauka hujikunja; vipapasio hulala nyuma kando ya mkonga, vikajipinda, na mtazamaji akaona "kiwiko" ambacho hakipo. Mwingine huvunjika kipapasio katikati, kikabaki kipande. Mloweke mdudu katika maji ya uvuguvugu kwa nusu saa hadi saa nzima, kisha mnyoosheeni kipapasio polepole kwa ncha ya sindano. Kama bado mna shaka, acheni pembe mpime urefu: kiwiko cha kweli huwa daima na pingili ndefu ya kwanza. Mpindo bila pingili ndefu ni ukavu tu.

Mkimaliza, hesabuni pingili. Cylas ana kumi, na ile ya mwisho peke yake ndiyo rungu zima la kipapasio, yaani ncha yake iliyonenepa. Fukusi wengi walio jirani naye wana pingili kumi na moja, na rungu lao limeundwa na pingili tatu. Kwa maoni yangu hii ndiyo alama bora kuliko zote za jenasi hii, maana haibadiliki kwa umri wala rangi, na haihitaji darubini ya gharama. Ongezeni umbo la mwili: bamba la kifua limebanwa upande wa nyuma kama kiuno, mabawa magumu yamevimba mfano wa yai refu, yanang'aa, na miguu ni mirefu yenye mapaja yaliyonenepa. Kiuno hicho ndicho kilichompa formicarius jina lake, lenye maana ya "wa sisimizi".

Sasa familia. Kitabu chenu cha zamani hakikubuni. Kwa miaka mingi fukusi karibu wote waliwekwa chini ya Curculionidae, familia ambayo hata leo ina spishi zaidi ya 50,000 zilizopewa majina. Brentidae ni ndogo ukiilinganisha na hiyo: spishi 4,000 hivi. Cylas amehamishwa mara kadhaa. Wako waliomweka pamoja na fukusi wadogo wa jenasi Apion na jamaa zao katika familia waliyoiita Apionidae. Wako wanaompa nusufamilia yake, Cyladinae. Na wako wanaomweka katika kabila la Cyladini ndani ya nusufamilia ya Brentinae. Wote hawa wawili wa mwisho wanakubaliana kwamba familia ni Brentidae, ndiyo maana nasema lebo ya mwanafunzi iishie hapo. Kuandika nusufamilia ni kujiingiza katika mjadala ambao kielelezo chenu hakiwezi kuuamua.

Kwa nini mjadala huo hauishi? Kwa sababu vipapasio vilivyonyooka ni urithi wa kale wa fukusi. Mababu wa kundi zima walikuwa navyo, na kiwiko kilikuja baadaye. Ukikuta watu wawili wana pua kama ya babu wa mbali sana, huwezi kusema kwa sababu hiyo tu kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Vivyo hivyo, kipapasio kilichonyooka kinawaambia kwamba mdudu huyu si wa Curculionidae, lakini peke yake hakithibitishi kwamba ni wa Brentidae. Tena ndani ya Brentidae kuna kikundi cha wadudu wadogo sana, Nanophyinae, ambao wana kiwiko. Kwa hiyo fundisheni wanafunzi kutumia alama kadhaa kwa pamoja.

Fukusi wengine wa vipapasio vilivyonyooka ambao mnaweza kuwakuta huko Kiryandongo ni hawa. Kama mkonga ni mfupi na mpana, umekaa kama mdomo wa bata, na mwili una manyoya yenye madoadoa, huyo ni Anthribidae. Yule wa buni zilizokaushwa, Araecerus fasciculatus, ndiye wa kawaida, na hula pia vipande vya viazi vilivyokaushwa, amukeke ya Teso ikiwemo. Akiwa ametoka ghalani na si shambani, mshukuni huyo kwanza. Kama mwili ni mfupi na mnene, rungu ni la pingili tatu zilizoachana, na mdudu alikuwa juu ya jani lililokunjwa kama sigara, ni Attelabidae. Kama ni mdogo mno, milimita 2 hadi 4, mwenye umbo la tunda la peasi, na kiungo kidogo kati ya nyonga na paja kimerefuka kikaonekana kama pingili ya ziada ya mguu, mmempata Apion au jamaa yake. Huyo kweli ni wa Brentidae, ila si Cylas, na mara nyingi atakuwa ametoka kwenye mimea ya jamii ya kunde. Brentinae wenyewe ni wembamba, warefu, pande zimelingana kama kijiti, na wengi huishi chini ya magome ya miti iliyokufa.

Tuje kwenye spishi, ambako ndiko watu huteleza zaidi. Jenasi Cylas, iliyopewa jina hilo na mtaalamu wa wadudu Latreille mwaka 1802, ina spishi 24 hivi, nyingi zikiwa za Afrika. Hilo lina uzito wake: viazi vitamu asili yake ni Amerika, lakini fukusi hawa asili yao ni huku, kwenye mimea ya mwitu ya jenasi Ipomoea inayotambaa kandokando ya barabara na mitoni. Kiazi kilipoletwa, kikiwa Ipomoea pia, walihamia humo. Cylas brunneus alielezwa na Fabricius mwaka 1797, na Cylas puncticollis na Boheman mwaka 1833.

C. puncticollis aliyekomaa ni mweusi mwili mzima, na ndiye mkubwa, takriban milimita 6 hadi 8 kutoka ncha ya mkonga hadi mwisho wa mabawa. Jina lake lina maana ya "shingo yenye vitobo": chini ya lenzi mtaona vitobo vidogo kwenye bamba la kifua. C. brunneus ni mdogo, milimita 5 hadi 6 hivi, na jina lake maana yake ni "kahawia". Rangi yake lakini haitabiriki; hubadilika kutoka mdudu hadi mdudu, mmoja wa kahawia iliyoiva, mwingine amekolea akakaribia weusi. C. formicarius ana kifua na miguu ya rangi nyekundu ya matofali, na tumbo lenye mabawa ya weusi wa samawati unaong'aa.

Mtego mkubwa uko kwenye kahawia. Fukusi akishatoka katika hali ya pupa, hatua iliyo kati ya funza na mdudu mzima, hakimbilii nje. Hubaki ndani ya kiazi siku kadhaa, ngozi yake ikiwa laini na rangi ikipita kutoka nyeupe ya maziwa hadi kahawia nyekundu, ndipo inapokaza na kuwa nyeusi. Wanafunzi wanaopasua viazi kwa kisu huwatoa hao kabla ya wakati wao. Basi puncticollis mchanga anaandikwa brunneus, na hesabu yote ya shamba inaharibika. Kipimo ni rahisi: bonyezeni bawa gumu kwa kichwa cha pini, si kwa ncha. Likibonyea, mdudu hajakomaa. Mwekeni hai katika kopo lenye kipande cha kiazi kwa wiki moja, kisha ndipo mtazame rangi. Msiue mdudu wa kahawia siku ile ile mliyompata.

Kosa la pili ni kupima mdudu mmoja mmoja bila mwenzake. Mkubwa wa brunneus na mdogo wa puncticollis wanaweza kukutana njiani. Pangeni angalau ishirini kwenye karatasi kwa mstari, wakubwa mwanzo na wadogo mwisho, na mara nyingi mtaona wamejigawa katika makundi mawili. Wale wachache wa katikati waandikwe "Cylas sp." bila aibu. Mtaalamu atawaamua kwa kutazama viungo vya uzazi vya dume, au kwa kusoma kipande cha jeni ya COI.

Dume na jike hutambulika kwa lile rungu la pingili moja. La dume ni refu, pande zake zimelingana kama kijiti cha kiberiti. La jike ni fupi lenye umbo la yai. Ikiwa mdudu mweusi na wa kahawia wote wana rungu la yai, basi mmejionea wenyewe kwamba rangi haina habari na jinsia.

Kabla ya kumlaumu Cylas kwa kila kiazi kibovu, hakikisheni si mwingine. Blosyrus obliquatus ni fukusi wa Curculionidae, mpana, mwenye mgongo wa mabonde kama donge la udongo; funza wake huchora mifereji juu ya ngozi ya kiazi, hawaingii ndani kabisa. Alcidodes dentipes ni mkubwa, karibu milimita 14, ana mistari myeupe mgongoni, na funza wake hutoboa shina karibu na ardhi. Shina la chini likivimba na kupasuka, tafuteni pia kiwavi wa nondo wa jenasi Synanthedon. Huyo ana miguu, ilhali funza wa fukusi hana hata mmoja. Funza huyo wa fukusi ni mweupe, kichwa cha kahawia, amejikunja kidogo. Ndani ya kiazi chenyewe, mahandaki yaliyojaa uchafu na harufu kali yenye uchungu ni ya Cylas. Kiazi kikitafunwa hutengeneza kemikali chungu za kujikinga, na hata sehemu isiyotobolewa huharibika ladha; kisilishwe watu wala mifugo.

Njia bora ya kupata vielelezo safi ni kuwalea. Chukueni viazi vyenye vitobo, kama kumi, na vipande vya mashina ya chini vyenye urefu wa sentimita 20, mviweke katika ndoo tofauti, maana mnataka kujua nani ametoka wapi. Wekeni mchanga mkavu wa vidole viwili chini ili unyevu usikusanyike, mfunike kwa kitambaa cha chandarua kilichofungwa kwa mpira. Jua lisizifikie. Katika joto la kawaida la huko, kutoka yai hadi mdudu mzima ni mwezi mmoja hivi, kwa hiyo chunguzeni kila siku mbili kwa wiki tano. Ndoo zikinuka uozo toeni viazi vilivyooza haraka. Ukungu huua pupa, na nzi wadogo watajaa.

Wa kuhifadhi muueni kwenye friza kwa saa 48, au mmtie moja kwa moja katika spiriti ya asilimia 70. Kwa kazi ya jeni inahitajika asilimia 95. Waragi, pombe kali ya dukani, haifai. Ina nguvu ya asilimia 40 hivi tu, na mdudu ataoza ndani yake taratibu. Lebo inayoingia kwenye chupa iandikwe kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti. Mkitaka wakavu, msiwachome pini mwilini, watapasuka. Kateni pembetatu ya karatasi ngumu yenye urefu wa milimita 8, kunjeni ncha yake kidogo, mgandisheni mdudu kwa ubavu wa kulia wa kifua kwa tone dogo la gundi, kisha pini ipite kwenye upande mpana wa karatasi. Gundi ikifunika upande wa chini au vipapasio, kielelezo kimepoteza thamani. Sanduku likae mahali pakavu, na miguu ya meza iwe ndani ya vikopo vya maji, la sivyo sisimizi watakula mkusanyo wote kwa usiku mmoja.

Kwa mkulima wa jirani anayeuliza majina haya yanamsaidia nini: upo msaada. Mitego ya harufu huvuta madume, na kila spishi ina harufu yake. Chambo cha formicarius kilichoagizwa kutoka nje hakitakupa picha ya kweli ya shamba la Uganda. Mengine ni sawa kwa spishi zote mbili. Jike hawezi kuchimba. Hukifikia kiazi kupitia nyufa za udongo, ndiyo maana kiangazi humaliza mashamba. Kupalilia na kurudishia udongo juu ya tuta, kuvuna kwa wakati, na kutumia marando ya ncha, sentimita 25 hadi 30 za mwisho, badala ya mashina ya chini wanayopendelea kutagia, huzuia zaidi kuliko dawa ambayo haimfikii funza aliye ndani. Kati ya aina za viazi za Uganda, New Kawogo imeonyesha ukinzani kiasi, kutokana na kemikali zilizo kwenye ngozi ya kiazi.

Endapo mtampata mdudu aliyekomaa, ngozi ngumu, kifua chekundu kweli na mabawa ya samawati, msimtupe. Wekeni angalau watano katika spiriti na muwapeleke kwa wataalamu wa wadudu wa taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kawanda au ya Namulonge, pamoja na lebo kamili, maana formicarius huku bara ni taarifa nzito.

Lebo ya kwanza iandikwe hivi: "UGANDA: Kiryandongo, Bweyale, shamba la shule, tarehe, Ipomoea batatas, ametoka ndani ya kiazi, jina la aliyekusanya." Ya pili, chini yake kwenye pini ile ile: "Brentidae: Cylas puncticollis Boheman, dume, jina la aliyetambua, mwaka." Jina la mdudu likija kubadilishwa siku moja, hiyo ya pili huongezewa nyingine. Ya kwanza haiguswi.